Kwa hesabu yangu ni 4.41, kwa hesabu ya chuo ni 4.3: daraja la shahada hupatikanaje?

#1 Baba Zuhura, Chumbageni

Salamu kwenu wote. Binti yangu amemaliza shahada ya miaka mitatu katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, na juzi amerejea hapa Tanga na hati ya matokeo ambayo imeninyima usingizi. Karatasi zake za mihula sita zinaonyesha GPA, yaani wastani wa pointi za gredi, za 4.5, 4.3, 4.4, 4.2, 4.5 na 4.6. Mimi nilikuwa karani bandarini kwa miaka 27, na kujumlisha na kugawanya hakujawahi kunishinda. Jumla ni 26.5, na ukigawanya kwa sita unapata 4.41 na ushei. Jedwali lililochapishwa nyuma ya hati hiyohiyo linasema kwamba daraja la kwanza linaanzia 4.4. Hata hivyo, mwishoni pameandikwa kwamba GPA ya jumla ni 4.3 na kwamba ametunukiwa daraja la pili la juu. Naomba anayefahamu anieleze ile sehemu moja ya kumi imekwenda wapi.

#2 Kijana wa Makorora

Mzee wangu, pole. Jibu ni fupi: vyuo vinalibania daraja la kwanza kama mama mwenye nyumba anavyoibania nyama ya mwezi mzima. Wakitoa mengi, wataonekana mitihani yao ni rahisi.

#3 Mwalimu Mstaafu, Mikanjuni

Ndugu wa #2, tuanze na hesabu kabla ya kumshuku mtu.

Baba Zuhura, wewe uliyeishi bandarini utanielewa haraka. Malori sita yanaingia na marobota ya mkonge, kila lori na idadi yake. Ukitaka kujua uzito wa wastani wa robota moja, hujumlishi wastani wa kila lori na kugawanya kwa sita, kwa sababu lori lenye marobota 78 haliwezi kuwa na sauti sawa na lenye 48. Katika shahada, marobota ni krediti. Kila kozi ina krediti zake, na gredi huwa na pointi: kwa mfumo uliozoeleka nchini, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Unazidisha pointi za gredi kwa krediti za kozi, unajumlisha kozi zote za miaka yote mitatu, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti. Mihula yenyewe haigawanywi. Tuletee krediti za kila muhula.

#4 Baba Zuhura, Chumbageni

Ahsante, Mwalimu. Nimezisoma mara mbili kwa miwani. Muhula wa kwanza ni krediti 54, wa pili 72, wa tatu 54, wa nne 78, wa tano 54 na wa sita 48. Jumla ni 360.

#5 Mwalimu Mstaafu, Mikanjuni

Hiyo 360 ndiyo inayotarajiwa kwa shahada ya miaka mitatu, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kusoma. Sasa tazama: mihula miwili ambayo binti alipata GPA ndogo zaidi, wa pili na wa nne, ndiyo iliyobeba krediti nyingi zaidi. Nimezidisha muhula kwa muhula nikapata 243, 309.6, 237.6, 327.6, 243 na 220.8. Jumla ni 1581.6, na ukigawanya kwa 360 unapata 4.393. Kwa hiyo 4.41 yako haikuwa sahihi, lakini nakiri kwamba 4.393 ukiikadiria hadi desimali moja inakuwa 4.4. Hapo nami nimebaki na swali.

#6 Msomi wa Raskazone

Swali la Mwalimu lina jibu, ingawa ni chungu. Katika kanuni za vyuo vyetu vingi GPA ya mwisho haikadiriwi, bali hukatwa. Ukipata 4.393, tarakimu zote baada ya ile ya kwanza ya desimali hutupwa na inabaki 4.3. Ukipata 4.3999, ni 4.3 vilevile. Ndiyo maana jedwali limeandikwa kwa namna inayowashangaza wengi: daraja la kwanza 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na ufaulu wa kawaida 2.0 hadi 2.6. Watu huuliza 4.35 inakaa wapi. Haikai popote, kwa sababu imekwisha kukatwa kabla ya kufika kwenye jedwali.

Anayedhani huu ni ukatili wa Tanzania pekee atazame Makerere. Wao huandika desimali mbili, daraja la kwanza likianzia 4.40 na la pili la juu likiishia 4.39. Hata huko 4.393 isingevuka.

#7 Kijana wa Makorora

Kwa hiyo mtoto wa watu amekosa daraja la kwanza kwa sehemu saba tu za elfu za pointi moja? Hata mizani ya samaki pale Sahare inamwonea mnunuzi huruma kuliko hiyo.

#8 Mswahili wa Likoni

Nawasikiliza kutoka ng'ambo ya Horohoro na nimestaajabu kidogo. Mimi nilisoma Nairobi, ambako mambo ya pointi hatukuyajua: walichukua wastani wa alama zenyewe kwa mia, ukifika 70 ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, na 40 hadi 49 ufaulu wa kawaida. Mfumo wenu una kasoro kubwa kuliko huo mkasi anaoueleza ndugu wa #6. Kwenu A huanzia 70 na B+ ni 60 hadi 69, sivyo? Basi chukueni wanafunzi wawili wenye kozi tano za krediti sawa. Wa kwanza amepata 71, 70, 70, 72 na 60. Wa pili amepata 69 mara nne, na kozi ya tano amepata 95. Kwenu wa kwanza ana A nne na B+ moja, hivyo GPA yake ni 4.8 na ni daraja la kwanza bila ubishi. Wa pili ana B+ nne na A moja, GPA 4.2, daraja la pili la juu. Lakini wastani wa wa kwanza ni 68.6, na wa wa pili ni 74.2. Kwetu wangebadilishana viti.

Isije ikawa Zuhura ni huyo wa pili, mwenye 69 nyingi zilizomezwa na B+.

#9 Mwalimu Mstaafu, Mikanjuni

Mfano wa #8 nimeuhakiki na ni sahihi, ingawa umechaguliwa kwa ufundi. Katika kozi arobaini hivi, zile 69 zilizopoteza na zile 70 zilizonufaika huelekea kufidiana. Hazifidiani lakini kwa mwanafunzi ambaye mwalimu wake ana tabia ya kutoa 69, na tabia hiyo mimi naifahamu kwa sababu nilikuwa nayo.

#10 Bint Pangani

Shikamooni wakubwa. Nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, na jambo la kwanza lililonijia nilipoona muhula wa nne ni sapu, yaani mtihani wa kurudia kozi uliyofeli. Krediti 78 kwa muhula mmoja ni mzigo mzito, na mtu wa 4.5 hashuki hadi 4.2 kwa bahati mbaya tu. Kwa kawaida ukirudia mtihani, hata ukipata 90, gredi ya juu kabisa utakayoandikiwa ni C, yaani pointi 2. Kozi ya krediti 12 iliyoandikwa C badala ya B+ inakupotezea pointi 24, na hapa tunagombania pointi mbili na nusu. Baba, bila kumvunjia heshima dada Zuhura, naomba umuulize taratibu.

#11 Msambaa wa Lushoto

Wadigo mna subira. Kwetu milimani, uzi huu ungekwisha kwenye #2 na tungekuwa njiani kwenda chuoni na fimbo.

Lakini naongeza moja: niliwahi kuambiwa na mwenzangu kwamba mwenye sapu hawezi kabisa kupewa daraja la kwanza, hata GPA ikifika. Je, si hilo lililomkumba?

#12 Bint Pangani

Kaka wa #11, hapo si kila chuo. Wapo walioweka sharti hilo kwenye kanuni zao, na wapo ambao C ya sapu ndiyo adhabu yenyewe na baada ya hapo GPA husema. Na hata sharti hilo lingekuwepo, lingebadilisha daraja na si tarakimu. Hati imeandika 4.3, haikuandika 4.4 yenye daraja la pili. Kwa hiyo tatizo limo kwenye hesabu.

#13 Baba Zuhura, Chumbageni

Nimemuuliza. Alinyamaza kwa muda, kisha akamtazama mama yake, na hapo nikajua kwamba mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari. Ni takwimu, krediti 12, muhula wa nne. Alikuwa na malaria siku ya mtihani na hakuripoti, akaingia hivyohivyo. Akarudia Septemba akapata alama ambazo kwa kawaida zingekuwa B+, wakamwandikia C. Sina la kumlaumu, ila nimeudhika kidogo kwamba wageni wa mtandaoni wameligundua kwa kutumia kalamu kabla yangu ninayeishi naye.

#14 Kijana wa Makorora

Mzee, mpe mtoto soda. Mimi nilikuwa na sapu tatu, na baba yangu hadi leo anajua nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

#15 Daktari wa Ngamiani

Nacheka kwa sababu sisi hatuna ugonjwa huu. Shahada ya udaktari wa binadamu kwa desturi haina madaraja: umefaulu au hujafaulu. Sijawahi kuulizwa na mgonjwa hata mmoja kama nilikuwa wa daraja la pili la chini.

#16 Mtafiti, Barabara ya 13

Daktari anatania, lakini kwa anayetaka kubaki chuoni daraja ni mkate. Vyuo vya umma humtaka mkufunzi msaidizi awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na kiwango hicho kinakatiza katikati ya daraja la pili la juu. Mwenye 3.7 na mwenye 3.8 wana daraja lilelile kwenye cheti, ilhali mlango umefunguliwa kwa mmoja tu. Zuhura kwa 4.3 yuko ndani bila shida. Waajiri wengine hawasomi hata desimali, husoma neno.

#17 Mtoto wa Raskazone, sasa Leeds

Nimeuona uzi huu usiku na nimeshindwa kulala bila kuchangia, kwa kuwa Uingereza ndiko madaraja haya yalikotoka. Huku shahada yenye madaraja huitwa honours, England ni krediti 360 na Scotland, ambako husoma miaka minne, ni 480. Viwango ni vilevile vya ndugu wa Likoni, 70, 60, 50 na 40, isipokuwa hapa 40 hadi 49 ni daraja la tatu. Mambo mawili ndiyo yatakayomuuma Baba Zuhura. La kwanza, mwaka wa kwanza katika vyuo vingi hauhesabiwi kabisa kwenye daraja; unatakiwa uufaulu tu. Kwangu mwaka wa pili ulibeba theluthi moja na wa tatu theluthi mbili, na chuo cha jirani kilikuwa na mgao wake. La pili, katika vyuo vingi ukikwama kwenye 69.5 wastani wako hukadiriwa kuwa 70, na ukikwama chini kidogo ya hapo kuna kanuni ya mpakani: kama nusu ya krediti zako au zaidi zimo ndani ya daraja la juu, wanakupandisha. Hiyo haiombwi kwa hisani, imeandikwa kwenye kanuni.

Daraja la pili la chini huandikwa mbili-mbili, na kwa sababu ya mlio wake kwa Kiingereza wanafunzi huliita Desmond, kwa jina la Askofu Desmond Tutu. Nadhani ni Mwafrika pekee aliyepewa heshima ya aina hiyo.

#18 Msambaa wa Lushoto

Ukisema heshima, umenikumbusha tatizo la lugha. Binamu yangu aliandika katika wasifu wake kwamba ana "shahada ya heshima ya uchumi". Kwenye usaili akaulizwa alitunukiwa na chuo gani na kwa mchango gani kwa taifa, kwa sababu shahada ya heshima kwa Kiswahili ni ile wanayovishwa marais bila kukaa kwenye chumba cha mtihani. Alichokusudia ni hiyo honours. Tuiiteje basi?

#19 Mwalimu Mstaafu, Mikanjuni

Mimi huandika "shahada yenye daraja" na bado sijaridhika. Hata neno "ufaulu" lina mtego, kwa sababu mwenye daraja la kwanza naye amefaulu.

Kuhusu asili, ndugu wa #17 yuko sahihi. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilirithi madaraja ya London.

#20 Mtafiti, Barabara ya 13

Mwalimu, nakusahihisha kidogo kwa adabu. Mwaka 1961 kilianza kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London chenyewe, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, kilikuja 1963, na Dar es Salaam ikajitegemea 1970. Kwa hiyo si urithi wa mbali. Madaraja yalikuwa ya London moja kwa moja. Pointi tano ndizo nyongeza ya baadaye.

#21 Mwalimu Mstaafu, Mikanjuni

Nimesahihishwa, ahsante. Na wakati nikitafuta kosa hilo nimegundua kosa langu jingine kubwa zaidi, lililoko #5.

Nilizidisha 4.5 kwa 54 kana kwamba 4.5 ndiyo GPA kamili ya muhula. Lakini kama chuo hukata, basi hata GPA za mihula zimekatwa! 4.5 inaweza kuwa 4.58. Maana yake ile 1581.6 ni sakafu, si jumla. Zaidi ya hayo, pointi za gredi ni namba kamili na krediti ni namba kamili, hivyo hakuna muhula unaoweza kuwa na pointi 309.6. Idadi ndogo kabisa inayowezekana kwa kila muhula ni 243, 310, 238, 328, 243 na 221. Jumla ni 1583. Daraja la kwanza linahitaji 1584. Yaani ili hati ile iwe sahihi, mihula yote sita lazima iwe imekaa kwenye sakafu kabisa, bila hata pointi moja ya ziada. Jambo hilo haliwezi kuitwa muhali, lakini mimi nisingeliwekea dau.

Baba Zuhura, kuna swali lililobaki. Krediti za kozi zake ni shufwa zote, au zimo za witiri? Kama zote ni shufwa, pointi za kila muhula nazo lazima ziwe shufwa, na sakafu inapanda kuwa 244, 310, 238, 328, 244 na 222. Hiyo ni 1586, ambayo kwa 360 ni 4.405.

#22 Kijana wa Makorora

Narudi kwenye #2 na kudai heshima yangu.

#23 Msomi wa Raskazone

Usiidai mapema. Hoja ya Mwalimu inasimama kwa sharti moja, kwamba karatasi za mihula nazo hukatwa. Mifumo mingine ya matokeo hukadiria GPA ya muhula, kwa kuwa ni ya kumwarifu mwanafunzi tu, kisha hukata ile ya mwisho, ambayo ndiyo ya Seneti, yaani baraza la taaluma la chuo. Ikiwa ndivyo, 4.5 ya muhula wa kwanza inaweza kuwa 4.46, sakafu yote inashuka, na 4.3 ya chuo haina kosa lolote. Lipo pia suala la mafunzo kwa vitendo, ambayo pengine yanaandikwa tu kwamba amefaulu na krediti zake haziingii kwenye mgawanyo. Hapo hata 360 si kigawanyo sahihi.

#24 Bint Pangani

Na lipo la karatasi ya muhula wa nne. Je, ilichapishwa kabla ya sapu au baada? Kama ni kabla, ile 4.2 ina gredi ya kufeli ndani yake, na baada ya C ilipaswa kupanda. Hapo ndipo ningeanzia mimi.

#25 Baba Zuhura, Chumbageni

Nimekaa na Zuhura barazani tangu baada ya alasiri, tumepitia kozi moja baada ya nyingine. Kozi zote ni za krediti shufwa isipokuwa mbili, moja ya 9 na nyingine ya 7, zote za muhula wa tano. Karatasi ya muhula wa nne ina tarehe ya Oktoba, na takwimu imeandikwa C, kwa hiyo ni baada ya sapu. Mafunzo kwa vitendo yana krediti 10 na gredi A, kwa hiyo nadhani yamehesabiwa.

#26 Mwalimu Mstaafu, Mikanjuni

Basi muhula wa tano pekee ndio unaoruhusiwa kuwa 243. Sakafu ni 1585, sawa na 4.402. Kama karatasi za mihula zimekatwa, hati ina kosa. Kama zimekadiriwa, ndugu wa #23 ameshinda.

#27 Mswahili wa Likoni

Mbona hamjumlishi tu kozi zenyewe, gredi kwa krediti, mkaachana na mihula? Zimo mikononi mwenu.

#28 Baba Zuhura, Chumbageni

Tumejumlisha mara tatu. Zuhura amepata 1584, mimi nimepata 1582, na mama yake, ambaye hakualikwa, amepata 1584. Kuna gredi moja ya mwaka wa kwanza ambayo muhuri umeikalia, haisomeki vizuri kama ni B+ au B, na kozi yenyewe ni ya krediti 2. Jumatatu tunapanda basi la alfajiri.

#29 Bint Pangani

Safari njema, baba. Mkifika ombeni pia kanuni za mitihani za mwaka alioanza yeye, si za mwaka huu, na mtuambie.